Mchecheto, Hasira na Penalti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maandalizi ya Akili kwa Wanamichezo

Maswali haya hunijia kutoka kwa wakimbiaji vijana, wachezaji wa timu za shule na za mitaani, makocha wao, na wazazi wanaowafuata uwanjani. Mengi huulizwa siku mbili tatu kabla ya mashindano, wakati ambao muda wa kufanya kazi ya maana umeshapita. Ndiyo maana nimeamua kuyajibu kwa urefu. Akili hufanyiwa mazoezi siku za kawaida, pamoja na miguu, na anayesubiri asubuhi ya mechi ndipo aanze kuutafuta utulivu huwa amechelewa.

Kabla ya mbio tumbo linanisokota, viganja vinatoka jasho, na nakwenda chooni kila baada ya dakika chache. Je, naumwa?

Huumwi. Mwili umetambua kwamba kuna jambo kubwa mbele yako na umeanza kujiandaa. Adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaongeza mwendo, damu inapungua tumboni na kuelekezwa kwenye misuli. Ndiyo sababu tumbo linavurugika. Nenda kwenye marathoni yoyote kubwa saa moja kabla ya kuanza, utakuta foleni ndefu ya vyoo, na wenye medali zao wamo humo. Tofauti ni kwamba wao wameshazizoea dalili hizo. Wanazitarajia, na zikija hawazipi tafsiri mbaya.

Kwenye tafsiri ndiko kazi iliko. Anayejiambia "naogopa, leo nimekwisha" na anayejiambia "mwili umewaka, niko tayari" wanaweza kuwa na mapigo ya moyo yaleyale. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Marekani alichapisha majaribio yaliyohusu watu waliotakiwa kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu chini ya presha. Waliojiambia kwamba wana hamasa walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Hawakuwa wanariadha, lakini kwa vijana ninaofanya nao kazi naliona jambo hilohilo. Ukimwambia mtoto "acha kuogopa, tulia" dakika tano kabla ya mbio, unampa mpinzani wa pili, ambaye ni mwili wake mwenyewe.

Kwa upande wa vitendo: fika uwanjani mapema, usile asubuhi hiyo kitu ambacho hujakizoea, na weka safari za chooni kwenye ratiba yako ya kupasha misuli ili zisikushtue.

Mazoezini nawaacha wenzangu wote, lakini siku ya mashindano naharibu. Kuna tatizo gani?

Hili ndilo swali linaloniumiza zaidi, kwa sababu anayeliuliza mara nyingi ameshaambiwa kwamba hana moyo wa ushindani. Moyo anao. Kinachomtokea kina sababu, na kwa kawaida sababu ni mbili zinazokwenda pamoja.

Ya kwanza: mawazo yamehama kutoka kwenye kazi na kwenda kwenye matokeo. Nani yuko jukwaani, mwalimu anayechagua timu ya kombaini ameandika nini, mjomba alisema nikishinda ataninunulia viatu. Ya pili: kwa kuogopa kukosea, mtu anaanza kusimamia vitu ambavyo mwili ulikuwa unavifanya wenyewe. Anaiangalia mikono yake inavyokwenda, anahesabu hatua, anajiuliza kama mguu unatua sawasawa. Mwendo ambao mazoezini ulitiririka sasa unakakamaa, mabega yanapanda masikioni, na kufika nusu ya mbio pumzi imekwisha.

Dawa yake ni kuipa akili kazi ndogo inayoonekana, kwa kila kipande cha mbio. Mfano ni binti wa mita 800 anayekwenda UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania. Mita 200 za kwanza neno lake ni "legea": mabega chini, asimfukuze anayechomoka kwa pupa. Kutoka hapo hadi kengele ni "kaa": akae begani kwa anayeongoza, asifungiwe ndani. Kengele ikilia ni "shika", kwa maana mzunguko wa pili ndiko wengi wanapoachia bila kujua. Mita 200 za mwisho ni "sasa". Maneno manne, basi. Anayarudia mazoezini wiki baada ya wiki mpaka yanakuja yenyewe. Siku ya mashindano mawazo kuhusu mjomba na viatu yatakuja pia, na akiyaona anarudi kwenye neno la kipande alichopo.

Nikitaka kuwaonyesha vijana mtu aliyebaki kwenye kazi mpaka hatua ya mwisho, nawawekea video ya marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia ya riadha Tokyo, Septemba 2025. Mbio zile zilianza kwa vurugu: kuna aliyechomoka kabla ya mlio, na wakimbiaji wakarudishwa, jambo ambalo ni nadra kuliona kwenye marathoni. Kulikuwa na joto na unyevu mwingi. Alphonce Simbu wa Tanzania alikaa kwenye kundi la mbele mpaka ndani ya uwanja, na kwenye ule mnyoosho wa mwisho Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa bado yuko mbele yake. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Simbu alimtangulia kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika historia ya mashindano hayo. Isimamishe video hatua chache kabla ya utepe na uwaulize vijana: hapa, kama akili ingeshakubali medali ya fedha, ile mikono ingefanya nini?

Jambo jingine ambalo makocha wengi huliruka: mazoezi yasiyo na presha hayamwandai mtu kwa presha. Mara moja kwa wiki weka jaribio lenye watazamaji, lenye saa, lenye matokeo yanayosomwa kwa sauti. Waite wazazi, ita timu nyingine. Mchecheto ukutane na mwanamichezo wako nyumbani kabla hajasafiri kwenda kukutana nao mkoani.

Mechi ni kesho. Kuna chochote ninachoweza kufanya usiku huu?

Panga begi, hakikisha viatu na namba vimo, kula ulichozoea, weka simu mbali. Usipopata usingizi mzuri usihangaike. Usiku mmoja mbaya hauharibu maandalizi ya miezi, na wanamichezo wengi hulala kwa shida usiku wa kuamkia shindano. Usingizi wa kuulinda zaidi ni ule wa siku kadhaa kabla yake.

Nimesikia kuna namna ya kupumua inayotuliza. Inafanywaje?

Simama au kaa, mabega yamelegea. Vuta hewa kwa pua ukihesabu moja mpaka nne, tumbo litangulie kujaa kabla ya kifua. Kisha ishushe taratibu kwa mdomo ukihesabu mpaka sita au saba, midomo imebanwa kidogo kama mtu anayepuliza chai ya moto. Rudia mara tano au sita. Nguvu iko kwenye kushusha: pumzi inayotoka kwa muda mrefu kuliko inavyoingia inauambia mfumo wa fahamu upunguze mapigo ya moyo.

Lakini si kila mwanamichezo anahitaji kushushwa. Mlenga shabaha anataka mkono uliotulia kabisa, bondia anataka damu iliyochemka kiasi, na hata ndani ya timu moja beki mmoja hucheza vizuri akiwa kimya huku mwenzake akihitaji kelele na kurukaruka. Yuri Hanin, mwanasaikolojia wa michezo, alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba kila mwanamichezo ana eneo lake la hisia ambamo hufanya vizuri zaidi. Utalijua lako kwa daftari: kila baada ya shindano andika ulivyojisikia kabla ya kuanza, kwa alama kutoka moja hadi kumi, na ulivyocheza. Baada ya msimu mmoja utaona. Kocha anayewapigia wachezaji wote kelele zilezile chumbani, akidhani anawapa morali, huwa anawasaidia nusu na kuwaharibia nusu.

Kujiona akilini ukishinda kunasaidia kweli, au ni maneno ya kwenye semina?

Kunasaidia kama kunafanywa kama zoezi. Wengi hufumba macho wakajiona jukwaani wamevaa medali, wakafurahi, wakalala. Hiyo ni ndoto tamu na haifundishi mwili kitu. Picha yenye faida ina vumbi la uwanja wenyewe, sauti ya mwanzishaji, uzito wa viatu, maumivu ya mapaja mzunguko wa mwisho, na inakwenda kwa kasi halisi ya tukio. Muhimu zaidi, ndani yake kuna tatizo na namna unavyolitatua: umesukumwa, umebaki nyuma, mvua imenyesha, umekosa nafasi ya wazi dakika ya kumi.

Mwaka 2015 kwenye marathoni ya Berlin soli za ndani za viatu vya Eliud Kipchoge zilitoka zikawa zinapigapiga kwenye vifundo vyake kilomita nyingi za mbio. Alishinda kwa saa 2:04:00. Hakuna aliyemfundisha kukimbia na soli zinazoning'inia, lakini mtu aliyezoea kujiuliza "kikiharibika kitu nitafanya nini?" anapata jibu haraka, na jibu lake mara nyingi ni kuendelea na kazi.

Dakika tano au kumi kwa siku zinatosha. Zaidi ya hapo akili inatangatanga.

Naogopa penalti. Kocha akitafuta wapigaji natazama chini. Nifanyeje?

Kwanza, kutazama chini si dhambi, na kocha mwenye busara hamlazimishi mtu. Ila ujasiri wa penalti unajengwa, tena kwa njia inayojulikana.

Geir Jordet wa Norway ameichunguza mikwaju ya penalti ya mashindano makubwa kwa miaka mingi. Moja ya aliyoyaona ni kwamba wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi kuliko wanaojipa muda kidogo. Ile haraka ni hamu ya kutaka mateso yaishe. Mchezaji hajaenda kufunga, ameenda kumaliza.

Kwa hiyo jiwekee utaratibu mmoja usiobadilika. Chagua upande ukiwa bado katikati ya uwanja na usiubadilishe tena, hata kipa akuchezee ngoma. Uweke mpira mwenyewe, usikubali kuwekewa. Rudi hatua zako zilezile. Filimbi ikilia, shusha pumzi moja ndefu, tazama sehemu ya mpira utakayoipiga, piga. Haya uyafanye mwishoni mwa mazoezi, miguu imechoka, ukitembea peke yako kutoka katikati huku wenzako wakipiga kelele na kukuzomea. Penalti za kupiga mkiwa mmesimama pamoja mkicheka hazifundishi lolote kuhusu ile safari ya kutoka katikati.

Fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya 2015, Ivory Coast dhidi ya Ghana kule Bata, ni somo zima. Wapigaji wawili wa kwanza wa Ivory Coast walikosa. Timu nyingi hufa hapo. Wao wakaendelea kupiga mmoja mmoja mpaka zamu ikafika kwa makipa. Boubacar Barry, aliyekaa benchi karibu mashindano yote na kuingizwa fainali kwa sababu kipa wa kwanza aliumia, akaudaka mkwaju wa kipa mwenzake wa Ghana, kisha akaenda kupiga wake akafunga. Ikawa 9-8. Huyo alikuwa mchezaji wa akiba ambaye hakujiruhusu kuishi kama wa akiba.

Na kwa timu nzima: amueni mapema mtampokeaje aliyekosa. Watu wawili watoke kumfuata, wamrudishe kwenye mstari, mikono mabegani. Mpigaji anayefuata anaona hilo, na mkwaju wake unakuwa mwepesi kidogo.

Refa akinionea napandwa na hasira, natoka mchezoni kabisa. Nitaizuiaje hasira?

Hasira itakuja. Kazi yako ni kuifupisha. Chagua kitendo kimoja cha mwili kinachoifunga: kuvuta soksi juu, kugusa nyasi, kufungua na kufunga ngumi mara mbili. Kifanye mazoezini kila ukikosea pasi, ili mwili uelewe kwamba kikishafanyika tukio limepita. Kisha taja kazi inayofuata kwa sauti: "namba saba ni wangu." Malalamiko mwachie nahodha, ndiyo kazi yake.

Kwa wanaosema haiwezekani, nawakumbusha Faith Kipyegon, Olimpiki ya Paris 2024. Tarehe 5 Agosti alimaliza wa pili kwenye fainali ya mita 5000, kisha akaondolewa kwenye matokeo kwa sababu ya kugusana na Gudaf Tsegay wa Ethiopia katikati ya mbio. Kenya ikakata rufaa, na saa chache baadaye akarudishiwa medali yake ya fedha. Hebu fikiria usiku huo: furaha, kunyang'anywa, kusubiri, kurudishiwa, na bado ana mbio nyingine mbele. Tarehe 10 alishinda mita 1500 kwa dakika 3:51.29, rekodi ya Olimpiki, dhahabu yake ya tatu mfululizo. Rufaa ilishughulikiwa na viongozi wa timu yake. Mgawanyo huo wa kazi ni jambo ambalo hata timu ya mtaani inaweza kuuiga.

Nimeumia, lakini naambiwa nimkumbuke Akhwari. Nikiacha, si nitaonekana mwoga?

Namheshimu sana mzee John Stephen Akhwari. Mexico City, 1968, alianguka akaumia goti, akamaliza marathoni wa mwisho kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, akasema kwamba nchi yake haikumtuma kule kuanza mbio bali kuzimaliza. Kila Mtanzania anayekimbia amesimuliwa habari hii, na inastahili kusimuliwa.

Ila yule alikuwa mtu mzima, Olimpiki, akiamua mwenyewe. Kulitumia jina lake kumsukuma mtoto wa miaka kumi na tano achechemee kwenye mashindano ya wilaya ni kumkosea yeye na mtoto pia. Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, aliacha marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 baada ya kilomita 30 hivi kwa sababu ya mgongo. Hakuna mwenye akili timamu aliyemwita mwoga.

Jifunze kutofautisha. Uchovu unaounguza miguu yote miwili sawasawa na kupungua ukipunguza kasi ni sehemu ya mchezo, huo uvumilie. Maumivu makali ya sehemu moja, yanayobadilisha unavyokanyaga au yanayoongezeka kila hatua, ni ishara ya kusimama.

Mwanangu akishindwa analia njia nzima hadi nyumbani. Nimwambie nini?

Mama, baba: usiseme mengi. Mpe maji, mpe chakula, mwache alie. Uchambuzi wa mbio subiri kesho, na ikiwezekana mwachie kocha. Watoto wengi wanaoacha michezo wameniambia kwamba hawakuchoshwa na mazoezi, walichoshwa na maswali ya ndani ya gari au daladala wakirudi. Na ukiwa pembeni ya uwanja shangilia tu. Maelekezo ya watu wawili kwa wakati mmoja humchanganya.

Timu yetu hupelekwa kwa mganga kabla ya mechi kubwa. Hiyo nayo si maandalizi ya akili?

Najua jambo hili lilivyo zito, na Bodi ya Ligi Tanzania imewahi kuzitoza faini klabu kwa vitendo vilivyohusishwa na ushirikina, kwa hiyo hatulizungumzii la kufikirika. Nitajibu kwa upande wa akili peke yake. Mchezaji anayeamini kwamba matokeo yameshaamuliwa na kitu kilichofukiwa golini ameuweka ujasiri wake mahali asipoweza kuufikia. Mkifungwa bao la mapema, atasema ya wenzetu imeishinda yetu, na miguu inakufa. Wakati huohuo kamati inatumia fedha ambazo zingenunua mipira na maji.

Dua na sala ni suala jingine. Mchezaji anayesali na kumwachia Mungu matokeo mara nyingi huingia uwanjani ametua mzigo, na yeye akabaki na kazi yake. Hilo siligusi, na kocha asiligeuze kuwa la lazima kwa asiye wa imani hiyo.

Wenzangu wanavuta bangi kutuliza mchecheto. Na vidonge vya kutuliza je?

Usifanye. Bangi imo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku wakati wa mashindano, na mkimbiaji Sha'Carri Richardson wa Marekani aliikosa Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa sababu hiyo. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo zimezuiwa katika baadhi ya michezo, ukiwemo ulengaji shabaha. Kama daktari amekuandikia dawa yoyote, mwambie wewe ni mwanamichezo kabla hujaimeza.

Nikicheza vibaya natukanwa mitandaoni, usiku silali.

Siku ya mechi na siku inayofuata mpe simu mtu unayemwamini, akusomee yale tu ya muhimu. Derby ya Kariakoo, Simba na Yanga, ikiisha kuna mchezaji atakayebebeshwa lawama za mamilioni, kila mara, na hakuna ngozi ngumu kiasi hicho. Viongozi wa klabu walichukulie hili kama majeraha mengine: mchezaji aulizwe hali yake, asiachwe peke yake hotelini.

Nitajuaje kwamba hiki si mchecheto tena na anahitaji mtaalamu?

Mchecheto huja na shindano na kuondoka nalo. Ukiona huzuni au hofu imekaa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya kula vimebadilika, amejitenga na wenzake, ameanza kunywa, au ameacha kuupenda mchezo aliouishi, usingoje. Wakae macho zaidi walio karibu na mchezaji aliyeumia kwa muda mrefu, aliyeachwa na timu, au anayenyanyaswa na mtu mwenye mamlaka juu yake. Huyo wa mwisho hahitaji mbinu za kupumua, anahitaji kulindwa na mnyanyasaji kuripotiwa.

Akisema hata mara moja kwamba anatamani kufa, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na zipo pia kwenye hospitali za Muhimbili, Dar es Salaam, na Mirembe, Dodoma. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alijitoa kwenye fainali kadhaa Tokyo mwaka 2021 kwa sababu akili na mwili wake vilikuwa havisikilizani hewani, hali inayoweza kumvunja mtu shingo. Paris 2024 alirudi akachukua dhahabu tatu. Angelazimishwa kuruka ile 2021, huenda kusingekuwa na Paris.

Mimi ni kocha wa shule, sina mtaalamu wala bajeti. Nianzie wapi?

Anza na dakika kumi baada ya mazoezi ya Jumatano, mwalimu. Kila mtoto aseme kitu kimoja alichokifanya vizuri na kimoja atakachokifanyia kazi, bila kuchekwa. Wiki inayofuata ongeza pumzi. Baada ya hapo kila mmoja achague maneno yake ya mbio au utaratibu wake wa penalti, ayaandike nyuma ya daftari, nawe uyajue ya kila mtu. Siku ya mashindano, badala ya hotuba, mpitie mmoja mmoja wakati wa kupasha misuli na umuulize neno lake la kwanza ni lipi.